Mita Sita

Ilikuwa Februari 2016, kaskazi imelala na maji ni mafu, nilipojifunga mitungi miwili ya hewa ya kuzamia mgongoni kwa mara ya kwanza. Mitungi ya chuma, lita 12 kila mmoja, imeunganishwa juu kwa bomba lenye koki tatu. Nilikuwa nimeshaongoza wageni wazamiaji Mnemba na Leven Bank, huku kwetu Zanzibar, kwa miaka sita, na nikiamini kuzamia nakujua.

Kilindini hatukwenda. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyewahi kufundisha Dahab, Misri, alitushusha kwenye mchanga wa mita sita mbele ya Nungwi. Kazi ilikuwa moja: kufunga na kufungua koki zote tatu kwa zamu, bila kupanda wala kushuka. Koki iko nyuma ya shingo, huioni, kwa hiyo mkono uijue wenyewe. Ukifunga ya kulia, regileta uliyoiuma, kile kipumulio cha mdomoni, inakauka. Unaitoa, unatia ile ya akiba inayoning'inia kidevuni, ndipo unafungua na kuhamia ya katikati, kisha ya kushoto.

Nilifunga. Nikavuta pumzi, ikawa nzito, ikakata. Nikabadili regileta, mikono ikaenda vizuri kabisa hadi koki ya mwisho. Nikageuka kumtazama mwalimu nikitaraji sifa. Yeye alikuwa chini yangu. Akanyoosha kidole kwenye kipimo changu: mita mbili na nusu.

"Kaka, mikono yako mizuri," aliniambia chomboni. "Lakini uliizuia pumzi, mapafu yakakupandisha. Siku utakayokuwa mita 45, naitrojeni ya hewa unayovuta imeshakujaa mwilini, juu yako pana dari isiyoonekana: kina usichoruhusiwa kukivuka mpaka naitrojeni ipungue. Huna pa kukimbilia. Shida uimalize hapo hapo ilipokukuta."

Sikumjibu, maana nilimkumbuka ami yangu.

Ami alizamia majongoo ya bahari, miaka ya tisini, kwa mitungi ya kukodi. Hakuna aliyemfunza. Alishuka mara nne, mara tano kwa siku, na hewa ikimwishia anapanda mbio. Jioni moja aliingia ndani kwa miguu yake, akaomba maji, akashindwa kuinuka. Nyumbani tukasema ni shetani wa bahari. Akasomewa, akafukizwa ubani, na muda wote huo naitrojeni iliyogeuka mapovu kwa kule kupanda mbio ilikuwa ikimharibu uti wa mgongo. Alichohitaji ni oksijeni, na chumba cha shinikizo, kinachoyasinyaza mapovu hayo, haraka iwezekanavyo. Tangu hapo anatembelea magongo. Nilikuwa na miaka minane.

Alasiri tulirudi majini. Safari hii nilihesabu pumzi kwanza na mikono baadaye. Niliharibu mara mbili. Ya tatu, nilipofungua koki ya kushoto, kipimo kilisoma mita sita, na mchanga ulikuwa pale pale nilipouacha.

Nilimkuta ami barazani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Leo mmekwenda kina gani?"

"Mita sita."

Alinitazama sana. "Siku nzima, mita sita?"

Nikachuchumaa, nikamchorea mchangani mtu wa kilindini anavyopanda: polepole, mita tisa kwa dakika, anasimama, anasubiri, anapanda tena, anasimama. Ami akashusha gongo lake, ncha yake akaiweka kwenye kituo cha mwisho, karibu kabisa na uso wa maji.

"Na hapa," aliuliza, "anakaa muda gani?"