Paka aliyeshiba bado anawinda: jinsi ya kuwanusuru ndege wa uani

Wafugaji wengi huamini kwamba paka anayekamata ndege ana njaa, basi humwongezea chakula wakisubiri aache. Haachi. Ndani ya paka, hamu ya kula na hamu ya kuwinda ni mambo mawili. Hukutana mara nyingi, lakini moja halihitaji jingine ili liamke. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alichapisha jaribio ambalo kila mfugaji angefaa kulijua: paka walipewa chakula wanachokipenda, na wakiwa wanakula wakaachiwa panya. Waliacha sahani, wakamuua panya, wakamleta karibu na sahani, kisha wakaendelea na chakula chao cha awali.

Kuna sababu ya msingi. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa jamii ya Felis lybica, mnyama anayewinda peke yake na kuishi kwa mawindo madogo. Panya mmoja hamtoshi. Kwa siku anahitaji kama 8 hadi 10, na mara nyingi anaporuka hukosa. Mwindaji wa aina hiyo akingoja mpaka tumbo lidai, atachelewa. Ndiyo maana mwendo wa ghafla kwenye majani humwamsha hata akiwa ameshiba pomoni. Kumnyima chakula ili asiwinde, au kumpiga anapoleta ndege, ni kumtesa bure. Hawezi kuhusisha adhabu ya sasa na windo la dakika kumi zilizopita. Mwondolee ndege huyo kimya kimya.

Mtazame anapowinda, utajua pa kuingilia. Kwanza macho yanaganda na masikio yanaelekezwa mbele. Mwili unashuka mpaka tumbo linakaribia ardhi, anajongea, anasimama, anajongea tena. Akifika karibu, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga papo hapo na makalio yanatikisika, kisha anafyatuka. Kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri kitu kilicho chini ya kama sentimita 25 kutoka puani, sharubu hutanda mbele na kumwonyesha windo lilipo. Chonge hutafuta shingo kwa nyuma, zipenye kati ya pingili za uti wa mgongo. Sehemu ndefu kuliko zote hapo ni ya kunyatia, na inahitaji kitu kimoja: maficho karibu na ndege. Bila maficho, paka hukosa mara nyingi zaidi.

Usijipime kwa mizoga unayoikuta mlangoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwafunga paka 55 wa kufugwa kamera ndogo shingoni. Asilimia 44 waliwinda, na katika mawindo yote ni asilimia 23 tu yaliyoletwa nyumbani. Mengine yaliliwa huko huko, na karibu nusu yaliachwa pale yalipouawa. Kwa Marekani nzima, makadirio ya mwaka 2013 yalisema paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumhasi dume na kumfunga kizazi jike kabla hawajafikisha miezi mitano. Kila mtoto wa paka anayetupwa ni mwindaji wa kudumu asiye na wa kumzuia.

Sasa chakula. Nimesema shibe haizimi uwindaji, na bado aina ya chakula ina uzito. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kilichapisha matokeo mwaka 2021: paka waliolishwa chakula chenye protini nyingi ya nyama na kisicho na nafaka walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Huenda baadhi ya vyakula vya dukani vinawajaza tumbo lakini vinawapunja kitu fulani ambacho mwili wa mla nyama unakidai. Ukibadilisha, badilisha kwa siku saba hadi kumi: robo ya chakula kipya kwa siku mbili au tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Ukimgeuzia ghafla ataharisha au atagoma, nawe utadhani chakula ndicho kibaya.

Utafiti huo huo uliona kwamba mchezo wa dakika 5 hadi 10 kwa siku ulipunguza mawindo kwa asilimia 25. Ila mchezo wenyewe uchezwe kama uwindaji. Tumia kijiti chenye kamba ya karibu mita moja na manyoya mwishoni. Kosa la kawaida ni kumpepea paka manyoya usoni; hakuna ndege anayejipeleka mdomoni mwa paka, naye atarudi nyuma au atachoka upesi. Yaburute yaende mbali naye, yapite nyuma ya mguu wa kiti, yasimame, yatetemeke kidogo, yapotee. Mwache anyatie hata nusu dakika bila kuyagusa, kwa sababu huko kuvizia ndiko anakokuhitaji. Mwache ayakamate kweli mara kadhaa, ayang'ate, ayapige teke kwa miguu ya nyuma. Punguza kasi taratibu, halafu mpe chakula hapo hapo. Taa ya leza siipendekezi: haikamatiki, na paka hubaki na kiu ya kuwinda. Ukimaliza, ficha kijiti, kwani paka akimeza kamba inaweza kumkata utumbo.

Vyombo vya fumbo, ambavyo paka huchokoa chembe za chakula kwa ukucha, viliongeza mawindo kwa asilimia 33 katika utafiti huo. Kengele shingoni haikuonyesha faida, ingawa majaribio ya miaka ya nyuma yaliwahi kuona nafuu. Mimi siitegemei, maana wakati wa kunyatia paka anakwenda taratibu kiasi kwamba kengele hailii, na inapolia tayari yuko hewani. Kilichowasaidia ndege ni mkanda mpana wa kitambaa chenye rangi kali: ndege walioletwa walipungua kwa asilimia 42. Ndege huona rangi vizuri sana, na humwona paka mapema. Panya haoni rangi hivyo, na kweli idadi ya panya haikubadilika. Mkanda uwe wa aina inayofunguka yenyewe ukivutwa, la sivyo paka atanyongwa na tawi. Vidole viwili vipite chini yake. Ukilegea zaidi, atauingiza mguu wa mbele na kujijeruhi kwapa.

Kuhusu saa, kumfungia usiku pekee huwaokoa zaidi wanyama wadogo wa usiku. Ndege hula sana alfajiri na kabla ya magharibi, basi mlango ufunguliwe asubuhi ikiwa imeiva na ufungwe alasiri. Msimu wa makinda kuruka kutoka viotani, asitoke kabisa.

Ua ndio mahali penye kazi. Kama paka, awe wako au wa jirani, anazurura humo na huna namna ya kumzuia, usiweke chakula cha ndege hata kidogo. Utakuwa unawaita mtegoni. Kama unaweza kumdhibiti, weka kibao cha chakula juu ya nguzo laini ya chuma isiyopungua mita 1.8. Mti wenye gamba ni ngazi kwake. Funga koni ya bati yenye upana wa sentimita 45 au zaidi, mdomo ukitazama chini, kwenye urefu wa mita 1.5. Nguzo iwe mita 3 kutoka kwenye ukuta, tawi au kichaka kizito. Fagia mbegu zilizomwagika kila siku, kwa sababu wanaookota chini, kama njiwa, ndio hukamatwa kwa urahisi. Beseni la maji nalo liinuliwe, maana ndege aliyelowa huruka kwa shida.

Suluhisho la uhakika ni paka asizurure. Kizimba cha nje kilichounganishwa na dirisha kinamfaa: nyaya nene zilizochomelewa, matundu yasiyozidi sentimita 2.5, paa la waya pia, na vibao vya kukalia kwa urefu tofauti. Wavu mwembamba wa kuku hupindika na kuoza haraka. Kumzoesha paka wa nje kukaa ndani huchukua wiki kadhaa, na wanaoshindwa mara nyingi wamefunga mlango bila kuongeza kitu: hakuna mahali pa juu, hakuna nguzo ya kukwaruza, hakuna mchezo. Atalia siku za mwanzo. Ukimfungulia kwa sababu ya kilio, umemfundisha kwamba kilio hufungua mlango.

Ikitokea ndege kashikwa na bado yu hai, usimwachie aruke eti hana jeraha. Mdomoni mwa paka kuna bakteria kama Pasteurella multocida, na tundu la jino halionekani chini ya manyoya. Anahitaji antibiotiki ndani ya saa chache. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa na kitambaa chini, gizani, mahali penye joto la wastani na pasipo kelele. Usimpe maji wala chakula mdomoni, vinaweza kuingia mapafuni. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Kinda mzima mwenye manyoya anayerukaruka chini si yatima. Wazazi wako karibu na wanaendelea kumlisha, basi mpandishe kwenye tawi la jirani, uondoke, na paka abaki ndani siku chache mpaka kinda ajue kuruka.