Baiskeli ya Tanga: baibui, keria na chumvi

Tanga ni tambarare, na barabara za Ngamiani zimenyooka na kupangwa kwa namba. Mji wa namna hii haudai gia. Bodaboda imechukua abiria, lakini ile baiskeli nyeusi ya ringi ya inchi 28 yenye breki za vyuma (fito badala ya waya), iwe Phoenix ya China au nyingine ya India, bado inabeba mikate, nazi na samaki.

Watu husema imedumu kwa kuwa ni rahisi. Sawa, lakini nguo nazo zina mchango wake. Umbo hili lilitulia Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wanawake wa huko walivaa sketi za kufika chini. Ndiyo maana mwendeshaji anakaa wima, madigadi yanafunika tairi, cheni ina kava, na fremu ya kike haina bomba la juu. Walioichora hawakuwa wakifikiria baibui wala kanzu, ila tatizo waliloshughulikia ni hilohilo. Baiskeli za gia zinazoingia sasa zinakuinamisha mbele na cheni iko wazi. Ukivaa kanzu, utafika msikitini na alama ya grisi kwenye pindo.

Kava la cheni lipo kulia tu. Kushoto, baibui hunaswa kati ya spoku na madigadi ya nyuma. Dawa yake inatumika sana Uholanzi, na fundi yeyote wa hapa anaiweza: toboa matundu madogo ya milimita 2 ukingoni mwa madigadi, yaachane sentimita 3 hivi, kisha pitisha mshipi wa kuvulia kutoka kila tundu hadi karibu na ekseli, uwe kama wavu. Lainisha kingo za matundu kwanza, la sivyo bati litaukata mshipi.

Mzigo nao una hesabu yake. Katika muundo wa Kiingereza, ringi ya mbele ina spoku 32 na ya nyuma 40, kwa sababu uzito mwingi uko nyuma. Keria inayouzwa na baiskeli mpya ni nyembamba. Wenye kazi hupeleka kwa mchomeleaji, wakaongezewa miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli. Hapo ndipo spoku zinapoanza kukatika, mara nyingi kwenye kona iliyo karibu na habu (kitovu cha gurudumu), na wengi hudhani zimekazwa mno. Kwa kawaida ni kinyume chake: spoku iliyolegea inalegea zaidi na kukaza tena kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka. Zibane mbili mbili kwa vidole kabla ya kupakia. Ukikuta iliyolegea, kaza robo mzunguko, zungusha gurudumu utazame kama ringi inayumba, kisha endelea. Spoku ya upande wa cheni haiingii mpaka friwili (gia ya meno ya nyuma) itolewe, hivyo usimkasirikie fundi akikutoza zaidi.

Anayepanda vilima vya kuelekea Amani, kule Usambara, atakuja kuilaumu hesabu ya meno. Ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli husogeza baiskeli karibu mita 5 na nusu. Ukiweka friwili ya meno 22, unapata kama mita 4 na nusu. Cheni itahitaji pingili mbili zaidi.

Mikono ya pedeli hubanwa kwa pini mbili za kabari, na hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu. Pini zinaingia kwa kupishana. Zikielekezwa vibaya, pedeli hazikai kwenye mstari mmoja. Kabla ya kupiga nyundo, weka kipande cha chuma kizito chini ya mkono wa pedeli. Bila hicho, kishindo chote kinaishia kwenye gololi za ekseli ya pedeli, ambazo ni 11 za robo inchi kila upande, na vikombe vyake vinapata vidonda. Kumbuka pia kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa.

Kwa wanaofanya kazi karibu na Deep Sea au Sahare, chumvi ndiyo adui. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, acha ikauke, ndipo upake oili kidogo. Oili chafu ya gari inanasa mchanga, na mchanga unakula meno.

Breki ndizo udhaifu wa kweli. Mpira unabana ringi kwa ndani, upande unaotazama habu, na ringi ya kromu ikilowa haishiki upesi. Wakati wa masika anza kubana kidogo mapema ili maji yafutike. Kubadilisha ringi kuwa ya alumini si suluhisho rahisi, maana ringi hizo zimeundwa kubanwa pembeni. Itabidi ununue breki mpya na waya zake, na waya hizo zinashika kutu ndani ya mpira wake pale usipoona.