Ukisema "nicheki baadae" umemtaja mfalme wa Uajemi

Hii "nicheki" tunayoitumia kila saa, nicheki jioni, cheki hii video, nimeenda kucheki presha, wote tunajua ni "check" ya Kiingereza. Ila Waingereza nao waliiokota tu, ukiifuata nyuma inakupeleka hadi Uajemi, Iran ya leo, kwa shah, yaani mfalme. Ndo huyohuyo shaha wetu, cheo tunachompa malenga aliyebobea.

Yote yameanzia kwenye sataranji, yaani chess. Ukimtishia mwenzio mfalme wake unamtajia "shah", ajue ana hatari. Mchezo ukatoka Uajemi ukaingia kwa Waarabu, ukavuka hadi Ulaya, hilo neno shah Wafaransa wa zamani wakaliita "eschec", kwa Waingereza likabaki "check". Sasa wewe fikiria, ukishapigwa shah mipango yako yote inasimama, hutembezi kitu kingine mpaka umnusuru mfalme kwanza. Hapo ndo maana zikaanza kuzaana, kusimamisha, kuzuia, mwisho kukagua, na yule askari wa barabarani anayekusimamisha halafu anaomba leseni anazifanya zote kwa mpigo 😂

Shati la drafti drafti nalo ni "check" sababu ya vile vyumba vya ubao.

Mie iliyonifurahisha zaidi ni ya hela. Uingereza karne ya 12 maofisa wa mfalme walikuwa wanapiga hesabu za mapato kwenye meza iliyotandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao wa sataranji, wanasogeza vihesabio juu yake, basi ofisi nzima ikaitwa Exchequer, na waziri wa fedha wa kule mpaka leo ni Chancellor of the Exchequer. Wakenya wamerithi jina, pesa za kaunti zikichelewa utasikia Exchequer, Exchequer. Na cheki ya benki mwanzo ilikuwa kile kipande cha hati kinachobaki kwa mtoaji ili isighushiwe, baadae Waingereza wakaiandika "cheque" kwa kuiga hiyo Exchequer, Wamarekani wakagoma wakabaki na "check" yao.

Halafu kuna "checkmate", shah mat. Wengi wanasema maana yake mfalme amekufa, wakisikia mat wanakumbuka maiti ya Kiarabu, kumbe kwa Kiajemi ni amekwama, hana pa kwenda. Na kweli kwenye sataranji kila kete inaliwa, ila mfalme haondolewi ubaoni.