Mzigo Nilioupokea Nisiubebe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitoka ibadani, mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru kwa kumwombea mwanawe, kijana aliyekwenda machimboni kutafuta maisha na ambaye kwa miezi kadhaa hajapiga simu nyumbani. Alikuwa amenieleza habari hizo majuma sita nyuma, nami nikamjibu kama tunavyojibu wote, "Mama, nitamwombea." Nilizipokea shukrani zake nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu sikuwa nimemwombea hata siku moja, na njiani nilipojaribu kulikumbuka jina la kijana huyo, halikunijia.

Juma zima neno la nabii Samweli limekuwa likinichoma. Waisraeli walikuwa wamemwambia mzee yule usoni kwamba amezeeka, kwamba wanawe hawaendi katika njia zake, na kwamba wanataka mfalme kama mataifa mengine. Wakapewa Sauli. Lakini Bwana alipoleta ngurumo na mvua katika mavuno ya ngano, waliingiwa na hofu wakamrudia Samweli wakimsihi awaombee. Angeweza kuwaambia waende kwa mfalme wao. Badala yake anasema, katika 1 Samweli 12:23, kwamba hasha, asimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea. Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi, na bado sikuwa nimetazama vizuri dhambi hiyo inamwelekea nani. Nilidhani nimemkosea mama yule peke yake. Kumbe nimemkosea kwanza Bwana, aliyenikabidhi mzigo ule pale mlangoni mwa kanisa nami nikauacha palepale.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme wazi jambo linalotuhusu sote, nami nikiwamo. Katika jumuiya zetu saa ya kutoa mahitaji ya maombi imekuwa ndefu kuliko maombi yenyewe. Mtu anasema tumkumbuke dada fulani, kisha anaeleza ndoa yake ilivyo, mumewe analala wapi, na nani alimwona. Tunasikitika, tunatikisa vichwa, tunauliza maswali ambayo Mungu hahitaji majibu yake, na mwisho tunafunga kwa sala ya dakika moja kwa kuwa chai iko tayari. Siri ya mtu imeshatembea mtaa mzima kabla jina lake halijafika mbele za Mungu. Hayo ni masengenyo yaliyovikwa vazi la maombi, na yanamjeruhi mtu ambaye tayari anavuja damu. Wapendwa, tuyaache. Ukilijua la mwenzako, mpelekee Mungu kwanza, na mara nyingi utaona kwamba hakuna mwingine aliyehitaji kuambiwa. Lia kwa ajili yake chumbani mwako, mtaje kwa jina, rudi tena kesho yake, kama Epafra, mtumishi wa Kristo kutoka Kolosai, ambaye Paulo anawashuhudia Wakolosai kwamba alifanya bidii siku zote katika maombi kwa ajili yao. Alikuwa mbali nao, lakini alijua wanachopungukiwa.

Ayubu naye aliwaombea rafiki zake waliokuwa wamemsema vibaya katika mateso yake, na Maandiko yanasema kwamba hapo ndipo Bwana alipougeuza uteka wake, yaani alipomrudishia hali yake njema. Kuna watu ambao majina yao yanatukwama kooni. Tuanze na hao.

Alhamisi jioni nilikwenda nyumbani kwa mama yule. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipoketi niliweza kusema tu, "Mama, nisamehe. Ulinishukuru kwa maombi ambayo sikuyaomba." Alinyamaza kwa muda, akiangalia chini, nami niliogopa kwamba nimemwongezea jeraha. Kisha akasema, "Mtumishi, mimi mwenyewe kuna siku nimechoka kuomba. Siku hizo nilijitia moyo kwamba wewe unaendelea." Sikuwa na la kujibu. Nikamwomba anitajie tena jina la mwanawe, akalitaja polepole, pamoja na lile alilokuwa akimwitia utotoni, nasi tukapiga magoti sakafuni tukamwomba Bwana amfikie huko machimboni aliko.