Mtoto Aliyeketi Koridoni

Watoto wa darasa la kwanza, kama 25 hivi, walipita mbele yetu bila kutoa sauti. Walifuata utepe wa bluu uliobandikwa sakafuni, mikono nyuma, mashavu wameyajaza hewa. Mwalimu mkuu msaidizi aliyekuwa akitutembeza alitueleza, na fahari ilikuwa usoni pake, kwamba ile hewa ni mbinu: mtoto aliyejaza mashavu hawezi kupiga soga njiani. Tulikuwa wazazi 8 asubuhi ile ya Februari 2019. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, nami nikaitikia.

Mimi nimesoma shule ya msingi Tanga, miaka ya 90. Mstari naujua. Naujua mchakamchaka wa alfajiri, kukaguliwa kucha, kufagia uwanja kabla ya kengele, mwalimu wa zamu na fimbo yake kwapani. Darasani tulizidi 80, dawati moja watoto wanne. Kwa hiyo nilipowaona watoto weusi wa upande wetu wa Washington, ng'ambo ya Mto Anacostia, ambako watu wa upande wa pili hupasema vibaya bila hata kufika, wamenyooka namna ile na sare zimepigwa pasi, moyo wangu ulifurahi. Nilisema kimoyomoyo, hapa kuna adabu, binti yangu atasoma hapa.

Shule yenyewe ilikuwa ya chata. Kwa asiyezijua: hizi ni shule za umma, mzazi halipi ada, fedha zinatoka serikalini, ila haziko chini ya idara ya elimu ya jiji. Kila moja ina bodi yake na huendeshwa kwa mkataba. Pale Washington mkataba ni wa miaka 15, na angalau kila miaka 5 unapitiwa. Shule isiyofanya vizuri inaweza kufungwa. Zimekuwepo tangu katikati ya miaka ya 90, na wakati ule karibu nusu ya watoto wa shule za umma za jiji lile walikuwa humo. Kuingia ni kwa bahati nasibu. Unajaza fomu moja kwenye kompyuta, unapanga shule hadi 12 kwa kadiri unavyozipenda, halafu unasubiri mwisho wa Machi. Binti yetu alikuwa anatimiza miaka 5 kabla ya mwisho wa Septemba, kwa hiyo alistahili kuanza chekechea, na shule ya mtaa wetu ingelazimika kumpokea hata bila bahati nasibu. Lakini majirani walituambia tusiridhike na hiyo kabla ya kuona nyingine.

Mume wangu, anayefanya kazi za usiku, alikuwa ameshaamua. Desemba iliyotangulia jiji lilikuwa limetoa kwa mara ya kwanza nyota za shule, kutoka 1 mpaka 5, na shule hii ilikuwa na nyota za kutosha. Alinionyesha pia matokeo ya PARCC, mtihani ambao jiji lilikuwa likiwapima nao watoto kusoma na hesabu: watoto wengi waliofika daraja la 4 na la 5, yaani ya juu kabisa, wengi kuliko shule zote zilizotuzunguka. “Mke wangu, namba haziongopi,” aliniambia. “Wewe nenda tu ukaone jengo.”

Basi nikaliona. Lilikuwa ghala zamani. Uwanja wa kuchezea ulikuwa sehemu ya maegesho ya magari iliyozungushiwa uzio. Kila darasa lilikuwa na jina la chuo kikuu alichosoma mwalimu wake, na bendera za vyuo zilining'inia darini. Hilo lilinigusa. Mtoto wa miaka 5 anaitwa kwa jina la chuo kila asubuhi, mwishowe ataamini kwamba ni kwao.

Kwenye darasa moja la chekechea tulisimama mlangoni muda mrefu. Mwalimu kijana alikuwa amepiga magoti pembeni ya msichana mdogo aliyekwama kwenye neno. Hakumsaidia wala kumharakisha. Alisubiri. Mimi nilianza kuona haya kwa niaba ya mtoto, maana kwetu ukikwama unakalishwa na mwenzako ananyooshewa kidole. Yule mtoto akatamka herufi ya kwanza, akaiacha, akairudia, akaunganisha. Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini, “Umelipata mwenyewe.” Nilitamani kuingia nimshike mkono mwalimu yule. Mpaka leo, nikimfundisha binti yangu kusoma Kiswahili, najilazimisha kunyamaza kama alivyonyamaza yeye.

Tulipotoka hapo, kwenye kona, kulikuwa na kiti kimoja kimeelekezwa ukutani. Alikikalia mvulana wa miaka 6 au 7, kadi nyekundu imebandikwa juu yake kwenye ubao wa rangi za tabia. Kundi lilimpita. Mimi, mwanamke wa Tanga, siwezi kumpita mtu bila kumsalimu, hata awe mtoto. Nikainama nikamwambia, habari za asubuhi, baba. Hakunijibu. Aligeuza macho kwanza, akamtazama mwalimu mkuu msaidizi, akangoja. Yule mama alipomwashiria kwa kichwa ndipo mtoto akasema, “Nzuri.”

Hilo lilinikata maini. Macho yale niliyatambua. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi darasa la tatu, kila nilipoulizwa jambo: kwanza ilipo fimbo, kisha jibu. Pale Washington hapakuwa na fimbo, sheria za jiji haziruhusu. Lakini mtoto alikuwa ameshajifunza kwamba hata salamu inaombewa ruhusa.

Walipotukaribisha maswali, niliuliza matatu, mawili nilikuwa nimeyaandika. La kwanza, ni watoto wangapi walisimamishwa masomo mwaka uliopita. Nilijibiwa kwamba wanapunguza. La pili, walimu wangapi wa mwaka jana bado wapo. Nilijibiwa kwamba wana walimu wenye ari kubwa. La tatu lilinijia palepale: mtihani wa PARCC unaanza darasa la tatu; je, watoto walioanza hapa chekechea, wangapi walifika darasa la tatu hapahapa? Yule mama alinitazama kwa heshima, nakiri hivyo, akasema atanitumia barua pepe. Hakuituma. Simlaumu sana, huenda hata yeye hakuwa na jibu. Ila mzazi anayechagua shule anastahili kulijua hilo, kwa sababu mtoto aliyehamishwa kabla ya kufika darasa la tatu hayumo kwenye zile namba zisizoongopa.

Kituo cha basi nilikaa na bibi mmoja, Mmarekani mweusi, aliyekuwa amejitolea asubuhi ile kupokea wageni mlangoni. Mjukuu wake alikuwa darasa la pili. Aliniuliza nimeonaje. Nikamweleza mazuri, kisha nikamtaja yule mvulana. Alinyamaza kidogo. “Binti yangu,” aliniambia, “mjukuu wangu amejua kusoma hapa, na mimi nashukuru. Lakini mwaka jana alibadilishiwa walimu mara tatu. Wa mwisho, hakulijua jina lake vizuri hadi Juni.”

Usiku, kabla mume wangu hajaenda kazini, tulikaa mbele ya kompyuta. Shule ile alikuwa ameiweka namba 1. Nikamsimulia yote, na mwalimu wa kusoma nikamweleza kwa kirefu ili nisimdhulumu. Nilipofika kwenye kiti akanikatiza. “Sisi tulichapwa na tukasoma. Leo tuko hapa.”

“Tulisoma,” nikamwambia. “Lakini mimi mpaka leo msimamizi akiniita ofisini natetemeka kabla sijajua ananiitia nini. Nina miaka 35. Wewe hutetemeki?”

Hakujibu. Alikaa akitazama ile orodha, chai yake ikapoa. Kisha akaishika ile namba 1 akaishusha mpaka ya 4. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia sijaridhika, kwa sababu yule mwalimu aliyepiga magoti namtaka, ila sijui mwakani atakuwa wapi. Tukaiacha hapo. Ya kwanza na ya pili tukaweka shule nilizokuwa nimezitembelea wiki iliyotangulia, zenye nyota chache zaidi na kelele nyingi zaidi koridoni.

Mwisho wa Machi binti yetu alipata ya pili. Mfumo wao ukishampa mtoto shule, zile zilizopangwa chini yake zinajifuta, kwa hiyo ya nne hatukuisikia tena.

Yule bibi nilikutana naye Novemba kwenye kituo kilekile. Aliniuliza nilimpeleka wapi mtoto, nikamwambia. Nami nikamuuliza habari za mjukuu wake.

“Yupo palepale,” akasema. “Mwalimu wa mwaka huu anampenda. Hajaondoka bado.”