Sakafu Inayoteremka

Asubuhi ya kwanza nilidhani naumwa. Nilisimama katikati ya ukumbi nikikabili kioo, nikazunguka pirueti mbili, yaani mizunguko ya baleti juu ya mguu mmoja, zilezile nilizozizoea tangu nina miaka kumi na miwili. Nilipomaliza nilijikuta hatua mbili mbele ya pale nilipoanzia, nusura nimgonge Mjapani wa mstari wa kwanza. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikasingizia uchovu, maana nilikuwa nimetua jana yake usiku. Mwalimu akanijia taratibu, akaweka kiatu chake sambamba na changu, kisha akakunjua kiganja na kukiinamisha kuelekea kioo. Hapo ndipo nikaelewa kwamba sakafu ile inateremka.

Inateremka kweli. Chuo cha baleti cha Vaganova, Saint Petersburg, Urusi, kina kumbi zilizojengwa hivyo makusudi, nyuma juu na mbele chini, zifanane na jukwaa la Mariinsky, ukumbi mkuu wa baleti wa mji huo, ambalo wanafunzi wake wanaandaliwa kulikanyaga. Jukwaa limeinamishwa ili mtazamaji aliyeketi chini aone miguu ya mchezaji wa mstari wa nyuma. Kwa macho hulitambui. Miguu ndiyo inayokwambia. Ukikabili kioo, visigino viko juu kuliko vidole, na mwili wote unataka kwenda mbele. Ukigeuka ubavu, mguu mmoja unakuwa kama mrefu kuliko mwenzake. Ukiruka kwenda nyuma unapanda kilima. Ukiruka kuja mbele, sakafu inachelewa kukupokea, na goti ndilo linalolipa.

Mimi nilikuwa sijawahi kucheza ila kwenye saruji. Nimezaliwa Mombasa, nikalelewa na shangazi Nairobi, na baleti niliifunzwa kila Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Tulikuwa tunasukuma madawati ukutani, tunafagia vumbi, halafu tunashika migongo ya viti badala ya ufito wa ukutani. Niliamini inawezekana kufika mbali kutoka mahali kama pale kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za Joel Kioko wa Kuwinda, kijana wa Nairobi aliyekwenda London kusoma katika English National Ballet School. Nilipokubaliwa kusoma mwaka mmoja pamoja na wageni wengine, ada ilipata mfadhili, na tiketi ikapatikana kwa harambee. Mamangu, ambaye hufanya kazi za nyumbani kwa watu Nyali, alitoa mshahara wake wa mwezi mzima. Sikuweza kulala usiku ule alioniambia.

Basi Septemba 2018 nikaondoka Nairobi, nikabadilisha ndege Istanbul, nikashukia uwanja wa ndege wa Pulkovo nimevaa koti la kuazima. Kesho yake alfajiri nikauona mtaa wenyewe. Unaitwa kwa jina la msanifu aliyeuchora, Carlo Rossi, na uko nyuma ya ukumbi wa maigizo wa Alexandrinsky. Una urefu wa mita 220 na upana wa mita 22, na majengo yake mawili, moja kila upande, yana kimo cha mita 22 vilevile. Ni ya rangi ya manjano iliyofifia, yenye nguzo nyeupe mbili mbili, yanatazamana kama mtu na kivuli chake. Niliupita mara tatu kabla ya kuthubutu kuingia.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimetimiza miaka 280. Kilianzishwa mwaka 1738 kwa amri ya malkia Anna Ioannovna, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Jean-Baptiste Landé. Sisi huku tunaambiwa baleti ni ya watoto wa matajiri. Lakini wanafunzi wale wa mwanzo, wavulana 12 na wasichana 12, walikuwa watoto wa watumishi wa jumba la kifalme. Niliposoma habari hiyo niliisoma mara mbili, nikampigia mama simu kumwambia, ingawa dakika za simu zilikuwa ghali.

Bibi naye alinipigia wiki ya pili. "Wala nini huko, mwanangu?" Nikamweleza grechka, nafaka ya kahawia inayopikwa kama wali, na kefiri, ambayo kwa kweli ni ndugu wa maziwa lala. "Na watu wa huko wana adabu?" Nikamwambia kwamba katika korido zile, mwanafunzi akipishana na mtu mzima yeyote husimama akainamisha kichwa, na wasichana hukunja magoti kidogo. Nikamwambia pia kwamba humwiti mwalimu kwa jina lake peke yake, bali kwa jina lake na la babake. Bibi akanyamaza kidogo. "Basi uko kwa watu," akasema.

Lugha ilinitesa mwezi wa kwanza, ila si ndani ya darasa. Majina ya hatua ni ya Kifaransa dunia nzima, kwa hiyo plie, kukunja magoti, ya Nairobi ndiyo plie ya Saint Petersburg. Kirusi kilichobaki kilikuwa maneno machache: *ruki*, mikono, *yesho raz*, tena, na hasa *spina*, mgongo. Neno hilo la mwisho nililisikia siku sita kwa wiki. Agrippina Vaganova, aliyecheza Mariinsky kisha akaanza kufundisha hapa mwaka 1921, aliusisitiza sana mgongo: mkono, mruko na mzunguko vyote vinautegemea. Chuo kilipewa jina lake mwaka 1957, miaka sita baada ya kufa kwake. Nilikuwa nikijua hayo kwa kuyasoma. Kuyajua kwa mwili kulinichukua hadi Desemba.

Nilichokuwa nakosea ni hiki. Nilipohisi sakafu inanivuta mbele, nilikuwa nikijizuia kwa mapaja, nayo yakakaza kama mbao. Pirueti ikafa, mruko ukawa mzito. Mwalimu aliniondoa katikati, akaniambia nisimame tu nikikabili kioo, mikono chini, huku mpiga piano akiendelea kuwapigia wenzangu. Siku nne nilisimama dakika kumi kumi. Siku ya tano akaniwekea kidole kati ya mabega, akasukuma kidogo juu, si nyuma. Mgongo ukarefuka, mapaja yakalegea, na kwa mara ya kwanza nikasimama pale bila kupigana na sakafu. Nilitamani kulia, lakini mpiga piano alikuwa ananitazama.

Jioni hizo nilizoea kupita koridoni penye picha za waliosoma hapo: Anna Pavlova, Nijinsky, Balanchine, Baryshnikov. Mimi nilikuwa na wangu mmoja, Rudolf Nureyev. Alizaliwa katika familia ya Kitatari ya Kiislamu, akakulia Ufa, mbali sana na mji huu, na alipoingia chuoni mwaka 1955 alikuwa na miaka 17 wakati wenzake walianza na miaka kumi. Miaka mitatu baadaye akahitimu. Nami nilikuwa na miaka 17. Sijilinganishi naye hata kidogo. Ila mtu aliyechelewa anahitaji kujua kwamba yuko mwingine aliyechelewa.

Majira ya baridi siyasimulii kwa urefu. Mto Neva uliganda, kope zikashikwa na barafu, nikaugua kifua, nikapona. Januari nilikwenda Mariinsky, tiketi ya juu kabisa karibu na dari, ya bei nafuu kuliko zote, na kumbe ndipo mahali bora kwangu. Kutoka juu kule niliuona mteremko waziwazi. Wachezaji walipotoka nyuma walikuwa kama maji yanayoshuka, na walipozunguka walibaki palepale, kama misumari. Sikumbuki sana hadithi ya usiku ule. Nilitazama migongo tu.

Juni, usiku ulipokuwa hauingii giza, nilifanya mtihani mbele ya jopo, nikapita. Julai nikarudi nyumbani.

Jumamosi ya kwanza Nairobi nilikwenda darasani kwetu. Madawati yalikuwa yameshasukumwa. Nikasimama kwenye saruji, nikazunguka, nikavutwa nyuma kana kwamba mtu amenishika shati. Saruji ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimebeba mteremko mwilini. Watoto wakaniuliza kuna nini, na kwa maneno nilishindwa kuwaeleza. Nikawatoa nje, kwenye kibarabara cha udongo kinachoshuka kutoka geti la shule hadi mtaroni. Nikawapanga mistari miwili wakikabili chini, nikawaambia wafanye plie polepole.

Mvulana wa mbele, mwenye miaka tisa hivi, alikaza mapaja, akaanza kuyumba. Nikapita nyuma yake, nikamwekea kidole kati ya mabega, nikasukuma juu.

"Spina," nikamwambia.

"Ndiyo nini?"

"Mgongo. Haya, tena."