Klachi ikilala huku Uingereza, pima kwanza kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Wakuu, mi nipo Leicester, na hili nimeona niliandike kwa sababu wabongo na Wakenya wengi tukifika huku tunanunua kigari cha manyuo kilichotembea sana, maana ndo bei inayoeleweka, alafu siku moja klachi inalala katikati ya raundabauti na mtu anaishia kulipa mamia ya pauni kabla hata hajaambiwa kilichokufa ni nini. Inaniuma kwa kweli, hela yenyewe ni ya shifti za usiku na nyumbani wanaisubiri.

Magari mengi ya Ulaya hayapo kama Hilux au Hiace tulizozoea. Zile silinda ya chini ya klachi (inayopokea presha ya mafuta kutoka kwenye pedeli na kuiachia klachi) ipo nje ya gia boksi, fundi wa Gerezani pale Dar anaingia chini, anafungua bolti mbili, anabadilisha raba, anatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi, jioni upo barabarani. Huku silinda ya chini mara nyingi imefichwa ndani, imeungana na rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie) na imezunguka shafti ya gia boksi, kwa hiyo ikivuja hakuna ujanja, gia boksi inashuka, na hapo ndo pesa ya ufundi inapotembea. Ndo maana nasema kupima ni kazi kubwa kuliko kutoa upepo wenyewe.

Injini ikivuma ila mwendo hauongezeki, hasa kwenye mlima, hiyo ni pleti ya klachi imeisha au imelowa oili, upepo hauhusiki kabisa. Ila kama gia zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, ukiwasha zinagoma au rivasi inakwaruza, ujue klachi haiachii. Hapo pampu pedeli haraka haraka, ikijaa mguuni na gia ikaingia basi kuna upepo, au silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, inarudisha mafuta ndani kwa ndani bila kuvuja nje. Hili la pili wengi hawalijui. Lipime hivi: sehemu tambarare, mbele pawe wazi, kanyaga breki na klachi mpaka mwisho, weka gia ya kwanza, usisogeze mguu, subiri. Kama baada ya muda gari inaanza kusukuma kutaka kwenda yenyewe, presha inatoroka.

Upepo hauingii bila sababu jamani. Lazima kuna palipovuja, au kuna mtu aliacha mafuta yaishe. Angalia kopo la mafuta ya breki, kwa sababu gari nyingi za huku klachi na breki zinakunywa kopo moja, na paipu ya klachi imetoka juu kidogo ili ikivuja breki zibakiwe na akiba, kwa hiyo klachi inaweza kufa huku breki bado zinakamata na mtu akadhani mafuta yapo sawa. Alafu inama chini ya dashibodi upapase pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye silinda, kapeti likiwa limelowa hapo, silinda ya juu imeisha na gia boksi haina kosa. Ukikuta matone chini ya gia boksi, usiamue kwa macho, kinga kidogo uyatie kwenye glasi ya maji: oili itaelea, mafuta ya breki yatachanganyika na maji.

Kama hakuna panapovuja, toa upepo. Chupa ya DOT 4 haifiki pauni 10, soma kifuniko cha kopo kwanza, na usiweke DOT 5 maana ile ni ya silikoni, haichangamani. Nipo, yaani kile kibomba cha kutolea upepo, inakuwa juu ya gia boksi, mara nyingi inabidi utoe betri au boksi la hewa uifikie, na gari nyingine haina ya spana, ina klipu unaivuta kidogo tu. Vaa glavu. Chomeka mrija mweupe wa mpira kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta ya breki, mwombe shemeji au jirani akanyage taratibu ashikilie, wewe fungua, funga, ndo aachie. Akiachia kabla hujafunga upepo unarudi wote ndani. Pedeli ikibaki chini anaivuta kwa mkono, na kopo unalijaza kila mara lisikauke. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari osha kwa maji saa hiyo hiyo, yanaila. Yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo, na usiyamwage kwenye mtaro, yapeleke kituo cha taka cha halmashauri.

Ukimaliza washa gari, kanyaga klachi, subiri kidogo, tia rivasi. Ikiingia kimya sawa, ila endelea kuangalia kopo kwa wiki kadhaa. Likishuka tena na nje kote kukavu, basi mara nyingi ni ile silinda ya chini iliyofichwa ndani, hapo kubali gia boksi ishushwe, na umwambie fundi kabla hajaanza kwamba unataka pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti) na silinda hiyo vibadilishwe kwa pamoja na akupe bei ya vyote kwa maandishi, maana kuishusha mara ya pili utalipa ufundi ule ule upya.